Raba Zilizovaliwa na Wawili

Jamani, siku ya mchujo nilimwomba muuguzi wa timu wembe, nikazichana raba za kuchezea mpira wa kikapu mbele ya watu wote.

Zilikuwa raba pekee tulizokuwa nazo mimi na dada yangu. Na zamu yangu ya kuzivaa ilikuwa bado.

Kocha alinishika mkono akidhani nimerukwa na akili. Ngojeni niwaeleze tangu mwanzo.

Mimi na dada tulicheza nafasi moja, chini ya goli. Wote warefu, ila yeye kanizidi, ndiyo maana mtaani walimwita Ngazi. Akiwa uwanjani, mimi niko benchi. Akitoka, naingia.

Kwa hiyo jozi moja ilitutosha. Anakaa, anavua, navaa, nakaza kamba, mchezo unaendelea. Hata waamuzi walishatuzoea, walikuwa wanatusubiri huku wakitutania.

Alizinunua mwenyewe. Mtumba, lakini za maana: sponji nene katikati ya soli, shingo ndefu ya kushika kifundo, na kisigino kigumu kinachobana mguu usicheze. Nikizivaa mimi, najiona nimezaliwa nazo. Naruka, natua, wala sisikii kishindo. Dada alisema zinatutosha wote wawili, na mimi sikuwa na sababu ya kubisha.

Kitu kimoja kilikuwa kinanikera.

Kila zamu yake ikifika, alikuwa anachomoa ile soli laini ya ndani na kuitumbukiza kwenye mfuko. Zamu yangu ikifika, anairudisha. Nilipomuuliza, akasema miguu yangu inanuka na hataki kukanyaga jasho langu. Benchi zima likacheka. Mimi nikanuna, nikaanza kuzianika zile soli juani kama mboga.

Basi, siku zikaenda, dada akaanza kushuka kiwango. Yule aliyekuwa akiruka unasahau kupumua, sasa anaruka huku anaogopa kutua. Goti likavimba. Akawa analala na soksi hata kukiwa na joto. Mama alisema ni baridi imemwingia mwilini. Kocha alisema ni umri.

Na umri ndio uliokuwa unatunyima raha. Klabu kubwa ya mjini ilikuwa inachagua wasichana mara moja kwa mwaka, inawapa malazi na kazi, lakini haimchukui aliyevuka miaka ishirini na mitatu. Dada alikuwa anavuka mwaka ule ule. Alishaacha masomo, alishaacha mchumba, yote kwa ajili ya mpira. Asipopita mchujo huo, ndiyo basi tena.

Mchujo wenyewe ulikuwa mechi, na siku ilipofika, kocha akamwanzisha yeye.

Sitaki hata kukumbuka. Mpira unamponyoka. Anafika mahali wenzake wameshaondoka. Akiruka, anatua kwa mguu mmoja na uso umekunjamana. Mwalimu wa klabu, mama mmoja mkimya mwenye kofia, alimtazama kidogo, halafu akaacha kabisa kumtazama. Nilitamani ardhi ipasuke.

Mapumziko yakafika. Dada akaja akajitupa benchi.

"Ingia wewe," akaniambia. "Mimi nimekwisha."

Hakuweza hata kuinama, nikapiga magoti nimfungulie kamba. Raba haikutaka kutoka. Nikavuta. Akaliuma taulo.

Soksi ilikuwa imelowa damu mbele. Nilipoivua, ukucha wa kidole gumba ukaja nayo.

Vidole vyote vilikuwa vimejikunja, kucha nyeusi. Nikauweka mguu wake juu ya ile raba, kisigino kwa kisigino. Vidole vikapita mbele ya soli.

"Dada, unavaa namba ngapi?"

Akajifunika uso kwa taulo.

"Dada."

"Arobaini na nne."

Raba zilikuwa arobaini na mbili. Namba yangu mimi.

Hapo ndipo nikaelewa habari ya soli ya ndani. Hakuna jasho wala nini. Alikuwa anaitoa apate nafasi kidogo ya vidole, halafu anacheza amekanyaga ule ubao mkavu wa ndani ya raba, wenye mishono, na kila akitua kishindo kinapanda mpaka gotini. Mimi nikirudi, ananirudishia ulaini wangu.

Kumbe muuzaji alikuwa na jozi mbili, moja namba yangu na moja namba yake, na dada alikuwa na hela ya moja.

"Ningechukua za kwangu, mguu wako ungepwaya mle ndani," alisema, bila kunitazama. "Ungeteguka kifundo siku ya kwanza. Hizi mimi zinaniuma tu."

Zinaniuma tu. Nilitaka kumpiga na kumkumbatia kwa wakati mmoja.

Ndipo nikaomba wembe.

"Wewe utavaa nini?" akauliza.

"Mimi nina mwakani. Wewe huna."

Nilikata ngozi ya mbele tu, pale panapofunika vidole. Kisigino sikukigusa, wala matundu ya kamba, maana hapo ndipo mguu unaposhikwa. Nikairudisha soli ya ndani. Muuguzi akamfunga vidole kwa plasta, nikakaza kamba. Vidole vikachungulia nje, na wapinzani wakaanza kucheka.

Sitawadanganya kwamba aligeuka mtu mwingine. Alikuwa bado anachechemea. Lakini aliporuka mara ya kwanza na kutua, nilimwona akisubiri yale maumivu, na hayakuja kama alivyozoea. Akaruka tena. Akadaka mpira juu ya vichwa vya wawili, akafunga. Mwalimu wa klabu akaisukuma kofia yake nyuma.

Mimi sikucheza hata sekunde moja. Kocha alipogeuka kunitazama, nilimwonyesha kandambili zangu.

Mwishowe yule mama akamnyooshea dada kidole na kusema, "Huyo." Dada akaketi palepale sakafuni. Mimi nililia mpaka nikaona aibu.

Nilidhani yameisha.

Mtunza vifaa wa klabu akaja kuuliza vipimo. Jezi, suruali, kisha raba mpya.

"Namba ngapi?"

Dada akanitupia jicho, halafu akageuka.

"Arobaini na mbili," akasema, bila kupepesa.

Damu bado inamtoka vidoleni, jamani.

"Arobaini na nne," nikaingilia. "Mpime mwenyewe."

Dada akaniambia ninyamaze, hayanihusu. Sijawahi kumpandishia sauti maishani mwangu, lakini siku hiyo nilimpandishia.

"Ukiniletea za kwangu nyumbani, nitazichana na hizo."

Mtunza vifaa akawa anatazama mara kwangu, mara kwake. Dada akaivua raba iliyochanwa. Kisha akaunyoosha mguu, akapimwa.

Ndugu zangu, mkienda kununua raba, msibabaishwe na unene wa sponji. Vaa, simama, hakikisha vidole vina nafasi mbele na kisigino hakichomoki. Na ukiwa na mtu nyumbani anayekuambia kila kitu kinawatosha nyote wawili, usishukuru haraka. Mvue soksi kwanza.