Nililia Matanga ya Watu Ili Nisilipe Nauli

Nilikosa, ndugu zangu. Wacha niliseme hilo kwanza kabla sijaanza kujitetea, maana najijua. Mimi nikianza kueleza jambo, naeleza mpaka kosa lenyewe linaanza kufanana na akili.

Nilikuwa na mchumba. Tumwite Nekesa. Leo nikimpigia simu ananiita kaka, na hanitanii. Wazee wa ukoo waliketi wakaamua kwamba mimi ni kaka yake, na mbuzi akachinjwa kuthibitisha.

Na yote hayo kwa sababu ya nauli ya basi!

Ngoja nikueleze polepole.

Mimi ni fundi wa kutengeneza cherehani. Nakaa Kawangware, karibu na wazazi wangu. Nekesa amepanga chumba Lindi, kule Kibera, na hufanya kazi ya nyumba kwa watu fulani wa Nyayo Highrise. Tulipokubaliana kuoana nilipanga safari ndefu, nusu mwaka ya kuzunguka masoko ya Magharibi, ambako washonaji wengi wana cherehani zilizokwama na hawana wa kuzifungua. Nitakachopata chote kingekuwa cha mahari. Chote! Ndiyo maana sikutaka hata shilingi iniponyoke njiani.

Sasa, mtu anayesafiri kwa muda mrefu humalizwa na nauli, chakula na mahali pa kulala. Nikakaa nikafikiria. Katika nchi hii, ni nani husafirishwa, akalishwa na kulazwa bila kuulizwa kitu? Mwombolezaji!

Watu wa Kawangware mnajua. Mtu wetu akifia Nairobi, tunachanga, basi linakodiwa, mwili unapelekwa nyumbani. Hakuna anayesimama mlangoni kumuuliza mtu mwenye koti jeusi, "Wewe, umelipa?"

Nilikuwa na mbinu zangu, na nakiri nilizionea fahari. Usipande wa kwanza wala wa mwisho. Kaa karibu na akina mama wanaoimba, kwa sababu anayeimba haulizwi maswali. Ukiulizwa wewe ni wa upande gani, tikisa kichwa useme, "Wacha tu, mama." Atakupigapiga mgongo na kukupa leso. Mimi niliwahi kupewa mpaka ndizi.

Sanduku langu la vifaa nililisukuma chini ya kiti. Mzee mmoja aliniuliza ni la nini. Nikamwambia marehemu aliniachia. Akalia!

Nikifika nakula, nalala chini ya turubai, kisha naenda soko la karibu na kufanya kazi. Nikiishiwa sindano na mikanda narudi Nairobi na waombolezaji wa watu wengine. Unaona ujinga ulivyo na mpango?

Siku moja nikiwa Kawangware nikitafuta msiba wa kwenda nao, Nekesa alinipigia simu akilia.

"Baba mdogo amekufa. Na madam amekataa kuniachilia niende kumzika."

"Pole, mpenzi. Pole sana."

"Ndiye alinisomesha. Hakuwa na mtoto. Mimi ndiye alikuwa akiniita mtoto wake."

"Pole. Eh, wacha nikupigie baadaye kidogo, kuna basi naangalia hapa."

Sikumuuliza jina la marehemu. Sikumuuliza mwili utaondokea wapi. Mtu ninayetaka kumuoa analia sikioni mwangu, na mimi jicho liko kwa basi! Ndugu zangu, kosa langu kubwa ni hilo, kuliko hata uongo uliofuata.

Nikalipanda basi lile.

Tulienda mpaka Bungoma. Nilijua kwao Nekesa ni Bungoma, lakini Bungoma ni kubwa na watu hufa.

Kwenye mazishi alikuwepo mama wa marehemu, bibi mdogo wa mwili mwenye fimbo. Kila mtu alimwita kukhu, yaani nyanya. Alikuwa analia kwamba mwanawe anaingia kaburini bila mtoto, na jina lake litazimika. Kisha akaanza kutupitia sisi wageni wa Nairobi, mmoja mmoja, akitutazama usoni. Akasimama kwangu.

"Huyu ana masikio ya mwanangu."

Nina masikio makubwa, sikatai.

"Kijana, watu waliniambia mwanangu alizaa mtoto huko Kawangware. Ni wewe?"

Jibu lilikuwa fupi: "Hapana, kukhu." Mtoto wa miaka mitatu angeweza kulisema! Lakini nilikuwa nimesikia kwamba watoto wa marehemu hubaki bomani mpaka siku ya kunyolewa nywele, matanga yanapoisha, na wanalazwa kitandani. Na soko la hapo karibu lilikuwa na cherehani nyingi.

"Ni mimi, kukhu."

Loo! Vigelegele kwenye matanga! Wanawake waliokuwa wakiomboleza walianza kucheza. Msema chochote, yule mwongoza shughuli, akashika kipaza sauti: "Tangazo kidogo, tangazo kidogo! Marehemu amepata mtoto!"

Nilikula na familia. Nililala ndani. Kila asubuhi kukhu aliniletea maji moto mwenyewe na kuniita kwa jina la mwanawe. Siku ya kunyolewa ilipofika, kaka mkubwa wa marehemu, mzee mpole asiye na maneno mengi, alininyoa pamoja na watoto wa boma lile. Nikiondoka kukhu alinipa kuku. Kuku! Nami nilikuwa nimekaa pale nikifurahia jinsi safari yangu inavyoenda kwa bei nafuu.

Siku hizo Nekesa alinipigia tena, sauti yake imechangamka. "Kuna habari nzuri kutoka nyumbani, hata siamini..."

"Utaniambia nikirudi," nikamkatiza. "Kuna cherehani nimefungua hapa."

Basi, safari ikaisha, mahari ikatosha. Nikawachukua wazazi wangu twende tukajitambulishe kwa akina Nekesa. Tukakodi gari, tukanunua na mbuzi.

Tulipoiacha lami nilianza kuitambua barabara. Kisha nikaitambua posho mill, kile kinu cha kusagia mahindi. Kisha nikamtambua ng'ombe mwenye pembe iliyovunjika, ambaye niliwahi kumkatia majani mimi mwenyewe.

"Baba," nikasema, "turudi."

"Turudi wapi na mbuzi ameshanikojolea viatu?"

Gari liliposimama, kukhu alitoka mbio bila fimbo. "Mjukuu wangu amerudi! Na ameleta wageni!"

Alinikumbatia. Halafu akamwona mama yangu, ambaye ameishi Kawangware tangu ujana wake. Akamshika mikono yote miwili.

"Kumbe ni wewe! Mwanangu alikuficha miaka yote hii!"

"Mimi?" mama akasema. "Na nani?"

Baba akamwangalia mama. Mama akaniangalia mimi. Nekesa alikuwa mlangoni pa jikoni na sinia ya vikombe, akituangalia sote.

"Mama watoto," baba akauliza taratibu, "huyu kijana masikio haya aliyatoa wapi?"

"Kwa baba yako! Leo umesahau masikio ya baba yako?"

Nikapiga magoti hapo hapo kwenye vumbi. Nikasema yote: basi, koti jeusi, akina mama wanaoimba, ndizi. Nilipomaliza, hata mbuzi alikuwa amenyamaza.

Yule mzee aliyeninyoa akasimama. Sasa nilijua ni nani. Ndiye baba yake Nekesa.

"Nilikunyoa kwa mkono huu," alisema. "Anayenyolewa na watoto wa marehemu ni mtoto wa marehemu. Na mtoto wa ndugu yangu hawezi kuoa mtoto wangu."

"Lakini mzee, nilidanganya!"

"Wewe ulidanganya. Wembe haukudanganya."

Wazee wakatikisa vichwa kwamba ni kweli. Kukhu akanishika mkono. "Mmoja nimemzika," akasema. "Huyu simrudishi. Hata akiwa mwongo, ni mwongo wetu."

Mbuzi wa mahari akachinjwa kumkaribisha mtoto wa nyumbani. Na zile pesa? Nikaulizwa, kwa upole sana, ni nani hujengea kaburi la baba kama si mtoto wake. Kwa hiyo jasho langu la nusu mwaka sasa ni simiti, huko Bungoma. Kaburi ni zuri, wapita njia wanalisifu.

Nilimfuata Nekesa nyuma ya jikoni. Nilidhani angalau yeye atanitetea.

"Siku ile nikikupigia nikilia," aliniuliza, "ulikuwa unaangalia basi gani?"

Nikajipangusa vumbi la magotini.

"Ulimlilia baba mdogo bila kumjua. Mimi niliyemjua nililia peke yangu, nikipiga pasi nguo za watu." Akajifuta macho kwa leso aliyojifunga kiunoni. "Hata wazee wangekubali, mimi singekubali."

Hapo sikuwa na maelezo. Mimi, mtu wa kueleza!

Nyumbani kwetu, baba amemsamehe mama kosa ambalo mama hakulifanya, na mama hajamsamehe baba kwa huko kumsamehe.

Juzi Nekesa alinipigia. Amepata mtu, fundi wa mabomba wa Sarang'ombe, na watu wake wanakuja kujitambulisha Jumamosi. Mimi kama kaka lazima niwe upande wa wazee.

"Kaka, usikose," alisema. "Na usiwabane sana kwa mahari, hana kitu."

"Nitakuja."

"Utakuja na nini?"

"Na basi la kawaida. Nimekata tiketi."

"Sawa. Nitamwambia kukhu akuwekee maji moto."

Wewe unayejiandaa kwa safari ndefu, usikate tamaa. Inawezekana kabisa kusafiri bila kumaliza pesa. Pika mwenyewe, lala kwa rafiki, tembea mahali miguu inafika, beba chai yako kwenye thamosi. Hata kazi ndogo ndogo za njiani zinasaidia. Utafika tu.

Lakini machozi usiyafanye tiketi. Na mpenzi wako akikupigia akilia, liache basi liende! Kaa chini, umuulize ni nani amekufa, kwao ni wapi, alikuwa mtu wa aina gani. Muulize jina lake.

Mimi jina hilo nilikuja kulisikia kaburini. Sasa ndilo ninaloitwa.