Machozi Siku ya Kuposa

Sikuwa nikilia. Naanza na hilo kwa sababu hapa Rusizi wako wanaosema mpaka leo kwamba nililia mbele ya wakwe zangu.

Vita vilipoingia Bukavu nilivuka mto wa mpakani nikarudi hapa, nchi ya wazazi wangu, na diploma ya ualimu chini ya shati. Nilijisomesha mwenyewe kwa kuuza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani. Hakuna mjomba aliyenisaidia. Nilikuja pia na macho yaliyotoa maji kutwa. Daktari wa Bukavu alikuwa amenieleza: kwenye pembe ya kope, karibu na pua, kuna vitundu ambavyo machozi hupitia kuingia puani. Vyangu vilikuwa vimebana, kwa hiyo maji yalimwagikia mashavuni. Alitaka kuvipanua, lakini vita vilimkimbiza kabla yangu.

Miaka ile kila nyumba ilikuwa na wafu wake, na watu wazima walilia chumbani, mlango umefungwa. Mimi peke yangu nilitokwa machozi sokoni, darasani, hata nikicheka. Wamama wa soko walinipa pole. Nilizichoka pole zao.

Kisha nikaenda kijiji cha Giheke kumposa binti niliyezoeana naye sokoni. Kwa desturi yetu anayeposa hukaa kimya. Msemaji wa ukoo wake ndiye anayezungumza. Nikakaa na suti yangu mpya, maji yakishuka. Msemaji wa upande wa binti, mzee mwenye ulimi mkali, akanitazama.

"Huyu analilia binti yetu, ao analilia ng'ombe zake?"

Watu wakacheka. Yeye hakucheka.

"Muntu vita imemuvunja, muache apone kwanza. Murudi mwaka kesho."

Msemaji wetu, baba yangu mdogo, akainamisha kichwa kukubali. Nikasimama.

"Kaa chini, papa," baba mdogo akaninong'oneza, akiniita papa, yaani baba, kwa kunibembeleza.

Sikukaa. "Mzee, vita haikunivunja. Vitundu vya machozi yangu ni vyembamba, ni ugonjwa wa macho tu. Siku nikilia utanisikia. Mwaka kesho sirudi. Nimekuja leo."

Kutoka chumbani, alikofichwa kwa desturi hiyohiyo, mchumba wangu akamwambia baba yake kwa sauti, "Papa, ni kweli. Hata akinunua chumvi anatoka machozi."

Mzee akamgeukia baba wa binti. "Hawa wawili hakuna anayejua kunyamaza. Wanafaana."

Akatutoza mtungi wa pombe ya ndizi kwa ajili ya mdomo wangu. Nikaleta miwili.

Rafiki zangu walinishauri nitafute daktari wa kunipanua vitundu kabla ya harusi, picha zitoke vizuri. Nilikataa. Vilipanuliwa baadaye, wakati nilioutaka mimi. Nilioa na macho yaleyale, bila kitambaa mfukoni. Katika picha mashavu yangu yanang'aa kwa maji, na mke wangu anacheka. Nimeitundika sebuleni, mkabala na mlango.