Kisu Mkononi mwa Yuda

Nakumbuka ile Jumapili kama jana, mwanangu, Jumapili yenye Yuda wangu wa ukutani alichekwa na kanisa nzima hapa Kinoru. Bado sijakuzaa, na hata baba yako sijui atakuwa nani, lakini mimi si mtu wa kungoja, kwa hivyo nakuandikia sasa kwa hii dayari yangu. Utaisoma ukiwa mkubwa, miaka ya tisini ikiwa imeisha kitambo.

Nilikuwa nimemaliza shule, fomu foo. Kuchora nilikuwa najua, na Fundi Kirimi, yule wa kuandika mabango ya maduka hapa Meru mjini, aliniambia atanichukua nijifunze kazi kwake nikimwonyesha ukuta mmoja nimechora mwenyewe mpaka mwisho. Mmoja tu. Kanisa yetu ilikuwa imejenga ukumbi mpya, na kamati ikanipea ukuta wa mbele nichore Karamu ya Mwisho, ile picha maarufu yenye ilichorwa kwa ukuta huko Italia zamani sana. Hata wewe utakuwa umeiona, iko kwa sebule ya kila mtu karibu na saa: Yesu katikati ya meza ndefu, wanafunzi sita huku, sita kule.

Nilipewa kalenda yenye hiyo picha. Niliiangalia dakika tano hivi. Nikajiambia hii naijua tangu nikiwa mtoto, nitaangalia nini ingine? Nikachora kwa wiki moja. Sasa, kwa kalenda kulikuwa na mkono umeshika kisu, uko nyuma ya mgongo wa Yuda, na haukuonekana ni wa mtu yeyote. Nikaona hao wa kuchapisha kalenda walikosea. Kisu itakuwa ya nani kama si ya yule mbaya? Nikampea Yuda. Nikamwekea na macho nyekundu, ndio hata mtu akiwa mlangoni amjue.

Jumapili watu walitoka ibada wakaingia ukumbini kuona. Mama Mwenda, kiongozi wa akina mama, akaangalia ukuta, akaangalia tena, halafu akauliza wote wakisikia, "Kendi, kwani kwa hii karamu Yuda ndiye anakata nyama?"

Watu walicheka mpaka wengine wakatafuta viti. Lazima ujue vile sisi hufanya, mwanangu. Kwetu mbuzi ikichinjwa, kisu haipewi mtu yeyote tu. Inapewa yule wote wanaamini, kwa sababu ndiye atagawia kila mtu sehemu yake bila kupendelea. Mtu akipewa kisu kwa harusi, hata mama yake anatembea akijivuna. Na mimi nilikuwa nimechukua hiyo heshima yote nikampea Yuda, mbele ya kanisa.

Mwenyekiti wa kamati hakucheka. Alisema atakuja Ijumaa, na kama hiyo aibu bado iko, ukuta utapakwa chokaa. Fundi Kirimi alikuwa aje kuona Jumamosi. Hesabu mwenyewe.

Nilitaka kushika brashi hapo hapo. Aliyenizuia ni Mzee M'Ikiara, mjomba wa mama yangu, mwenye alikuwa ametutembelea kutoka mji wa Maua. Kazi yake ni kuchagua miraa, ile ya kutafuna, kabla pikapu hazijabeba. Aliniambia polepole, bila hasira, na hiyo ndiyo iliniuma:

"Wewe hukuchora picha. Ulichora ile hadithi uliambiwa."

Akanieleza kuwa mtu akimletea bunda la miraa huanza kuongea kwanza, ati hii ni ya miti ya zamani, ati hii ni ya shamba la fulani. Yeye hasikii. Anafungua jani la ndizi lenye limeifunga, anaangalia kijiti kimoja kimoja kutoka chini mpaka ncha, ndio anafungua mdomo.

Basi Jumatatu tukakaa kwa benchi na kalenda, na Mzee akanikataza kutaja jina la mtu yeyote. Mikono tu, alisema, kutoka mwisho wa meza mpaka mwisho ingine. Karibu niwe wazimu. Wa kwanza amesimama, mikono yote mezani. Wa tatu ameinua viganja kama mtu amesimamishwa na polisi. Mwingine upande ule ameinua kidole. Mara nikaanza kuona. Yesu amewaambia mmoja wao atamsaliti, na hiyo neno imepita mezani pande zote mbili kama honi ya pikapu ndani ya soko. Wamejikusanya watatu watatu. Wa karibu wameshtuka, wa mbali wanaulizana amesema nini. Yeye peke yake ametulia, na mistari ya kuta na dari yote inakimbia kwa kichwa chake, na nyuma yake kuna dirisha yenye mwangaza. Ndio maana jicho hurudi hapo bila kuambiwa.

Tukafika kwa kisu. Mzee akaniambia nifuate huo mkono na kidole. Kutoka kisu mpaka kifundo, kimekunjwa kwa nyuma, halafu kiwiko, halafu bega. Ilikuwa ya Petro! Petro ameruka kusikia, akasahau ameshika kisu.

"Huyo ni wewe na haraka yako," Mzee akasema, akacheka mpaka akakohoa.

Halafu nikamtafuta Yuda. Ameshika kifuko, amerudi nyuma kidogo, uso uko kwa kivuli. Na hakuna mtu anamwonyesha kidole. Petro hata amempita akiinama kumwongelesha mwenzake.

"Walikula na yeye na hawakumjua," Mzee akasema. "Wewe ulitaka ajulikane kutoka mlangoni?"

Hiyo Jumatatu jioni nikachanganya rangi.

Siku nne nilichora upya. Kisu ikarudi kwa Petro, macho nyekundu nikafuta, Yuda nikampea uso wa mtu tu, kama jirani. Ijumaa kamati ikaja, ndoo ya chokaa ikiwa mlangoni. Mama Mwenda akapita mbele ya ukuta akimtafuta Yuda. Akaonyesha mmoja, akasema si huyo. Akaonyesha mwingine. Mwishowe akasimama.

"Ako wapi?" akauliza. "Hawa wote wana sura kama sisi."

Mwenyekiti akasema hiyo chokaa ipelekwe kupaka choo. Jumamosi Fundi Kirimi aliniuliza swali moja tu, hiyo kisu ni ya nani. Nikamwonyesha kutoka kifundo mpaka bega. Akasema nianze Jumatatu.

Basi mwanangu, kile kitu unadhani unakijua ndicho uangalie mara ya pili. Mtu pia ni hivyo. Wakikuambia fulani ni mbaya, usikimbie kumwekea kisu mkononi. Fuata mkono kwanza mpaka ufike kwa mwenyewe. Na ukiona umekosa, rekebisha, usione haya.

Mungu akupe macho yenye hayana haraka kama ya mama yako. Akupe watu wa kukucheka wakikupenda. Na siku utakosea mbele ya kanisa nzima, akuongezee siku nne kabla ya chokaa.