Kidole cha Mama Kope

Saa moja kasorobo asubuhi. Kizimba cha chuma kinapanda kutoka kwenye shimo la gesi, mlango unafunguka, na nguruwe sita wanaporomoka kwenye meza ya bati, wamelegea. Mwanamke mwenye buti nyeupe anainama na kumgusa wa kwanza kope kwa ncha ya kidole. Haichezi. Wa pili, haichezi.

"Ikicheza, huyo bado yupo," anasema bila kuinua macho.

Wenzake hapa machinjioni wanamwita Mama Kope. Jina limemganda hivi kwamba hata mumewe, dereva mstaafu, humwita hivyo anapotaka chai.

Kwa miaka kumi na tisa kazi yake imekuwa hiyo moja: kuhakikisha nguruwe amepoteza fahamu kabisa kabla kisu hakijamfikia. Gesi yenyewe ni ileile inayotia povu kwenye soda, ila shimoni imejaa tele. Alipokuwa mgeni kazini aliinama ukingoni achungulie.

"Pua iliwaka moto, kifua kikabana, nikarudi nyuma mbio. Ndipo nikajua kwa nini nguruwe wanapiga kelele wakishushwa."

Hata hivyo, binti yake alipomuuliza kama wanaumia, alimjibu, "Wanalala tu." Jibu hilo halikumtoka rohoni.

Mwaka jana, siku moja kazi ilipozidi, wapakiaji walianza kubana nguruwe wanane penye nafasi ya sita. Kizimba kilipopanda, Mama Kope aligusa kope ya tatu, ikacheza. Ya tano nayo ikacheza, na nguruwe huyo akavuta pumzi kwa nguvu, akijaribu kuinua kichwa. Akabonyeza kitufe chekundu.

Mnyororo unaowabeba nguruwe kwenda kwenye kisu ukasimama, na watu arobaini wakabaki mikono mitupu. Msimamizi akaja mbio, uso umemvimba.

"Mama, unajua umesimamisha nini?"

"Najua, mwanangu. Njoo uguse mwenyewe."

"Tumechelewa!"

"Gusa kwanza. Usipoona kitu, nifukuze leo hii."

Msimamizi alivua glavu, akagusa. Akanywea. Kisha akaagiza haraka bastola ya kuzimishia, ile inayotundikwa ukutani kwa dharura, na wale wawili wakamalizwa palepale.

Fundi alipopima, alikuta gesi imepungua na kipimo kimekwama. Tangu lini, hakuna aliyejua.

"Hilo ndilo linaloniuma," anasema Mama Kope. "Pengine siku mbili, pengine mwezi, walikuwa wanachelewa kuzimika huko chini."

Tangu hapo sita ni sita, kipimo kinakaguliwa kila asubuhi, na yeyote anaweza kubonyeza kitufe bila kuomba ruhusa. Jioni ya siku ile alimweleza binti yake ukweli: wanaumia, kwa hesabu yake sekunde kama ishirini, mpaka wazimike.

"Sasa mbona huachi?" binti aliuliza.

"Nikiacha, nani atagusa?"

Amebakiza miaka miwili astaafu. Amesikia kuna machinjio yanayojaribu gesi nyingine isiyounguza pua, na ameomba ruhusa ya kwenda huko. Msimamizi amesema watafuatana.

"Sitaki kuonyeshwa makaratasi," anasema. "Nataka nisimame karibu na shimo, nisikilize. Nguruwe wakiwa kimya, nitakuja kuwaambia wenzangu. Wakipiga kelele, nitawaambia vilevile."