Pembe za Ng'ombe wa Watu

Sikusoma. Niliacha darasa la pili nikaenda kuchunga ng'ombe wa watu, na kwa kuchunga huko nikapata wangu. Hakuna aliyenishika mkono.

Miaka ile wakimbizi walipojaa mkoani, mfugaji mmoja wa Burundi alivuka na ng'ombe mmoja tu, jike mwekundu, pembe ndefu kama mikono ya mtu anayeomba dua. Kambini hawakuruhusu mifugo. Akanigabira, kama tunavyosema kwetu Waha, na desturi hiyo kwao ni hiyo hiyo: ng'ombe anakaa kwako, maziwa unakunywa, lakini ni wake. Akifa, unampelekea mwenyewe ngozi na pembe, ajue hukumuuza.

Nilichungia vilima vya Bangwe. Kiangazi ng'ombe walishuka kunywa ziwani kwa njia waliyoikanyaga tangu enzi za mababu. Ikaja hoteli ya watalii, wale wapitao kwenda kutazama sokwe. Njia ikapigwa uzio.

Nikamfuata meneja, kijana wa kuja.

"Shikamoo, mzee. Geti nitakufungulia. Ila huyo mwekundu asimame mchangani kila jioni, wageni wapige picha. Tutamvisha maua."

"Ng'ombe si bibi harusi."

"Basi akanywe kwao."

Ng'ombe wa mwenzangu sikumfanya kichekesho. Nikawapitisha wote kwenye mawe, upande wa pili wa kilima. Wangu walishuka salama. Yule mwekundu hakuyazoea mawe yale; aliteleza akavunjika mguu wa mbele. Nikamchinja palepale.

Nikapakia ngozi na pembe kwenye lori hadi kambini. Mlinzi wa geti akacheka. "Mzee, mwili umeuacha wapi?" Nikapita. Rafiki yangu, mwenye ng'ombe, alizipokea kwa mikono miwili. Nikamweleza yote, uzio, meneja, maua. Alizipapasa zile pembe, kisha akasema, "Ndugu yangu, ungemwacha apigwe picha. Angekunywa."

Nilirudi na neno hilo kifuani, na halijatoka.

Leo pembe ziko juu ya mlango wa hoteli. Rafiki yangu aliziuza mwenyewe, watoto wake wapate kula. Simlaumu, njaa ya kambini niliiona kwa macho. Wageni husimama chini yake wakipiga picha, na maua wamezivisha kweli.

Mimi ningali nawapitisha ng'ombe wangu kwenye mawe. Meneja akiniona huniamkia shikamoo. Siitikii.