Mkono wa Jirani Unaouma

Nilikuwa nakata nyama ya ngamia wakati jirani yangu wa hapa mtaani Iftin alipoingia ameshika bega.

“Wallahi, abaayo, dada yangu, hii sindano ya Hajj inauma!” alisema, akipandisha mkono wa nguo nione plasta.

Nilimwonea wivu. Huku kwetu mtu mzima huchanjwa akiwa na mimba au akiwa na pasipoti. Mimi sina pasipoti, na kitinda mimba wangu yuko kidato cha pili.

Kesho yake nikaenda zahanati kurudia chanjo ya pepopunda. Muuguzi alisema nimechelewa miaka, kisha akanidunga.

Jioni nikapakua wali kwa mkono mmoja, nikahesabu vichwa vya wanangu, wote wapo.

“Na wewe unaenda Makka?” mume wangu akauliza.

“Mimi nabaki na misumari yenye kutu ya mabati yako. Kula.”