Miguu Chini ya Gari

Mtaa mzima ulimwita Silikoni, na jina hilo alijitafutia mwenyewe. Bomba likivuja, gundi ya silikoni. Soli ya kiatu ikibanduka, silikoni. Kuna siku aliupaka mpini wa sufuria uliolegea, na wiki nzima chakula cha nyumba ile kikanuka gereji. Mkewe, fundi cherehani mwenye ulimi mkali kuliko mkasi wake, alimuuliza kama na yeye atapakwa ili asije akatoka kwenye ndoa. "Wewe nilishakupaka zamani," akajibu mume. Walikuwa watu wa kucheka hao. Kisha msimu wa mvua uliopita tumbo likamuuma, akapelekwa hospitali, na hakurudi.

Mkewe alibaki nyumbani na alama za vidole vya marehemu. Maana Silikoni hakutumia brashi wala kijiti. Aliibonyeza gundi kwa dole gumba tupu, ikakauka na alama yake. Mjane akifungua dirisha, alama ile hapo. Akinawa mikono, alama ile chini ya bomba. Mara moja alijaribu kuibandua akashindwa, na si kwa sababu ya ugumu wa gundi. Ilifika mahali akawa anapiga hodi kabla ya kuingia chumbani kwake mwenyewe, nyumba inamtisha na kumliwaza kwa wakati mmoja.

Alikuwa na mama mkwe, kikongwe mdogo wa umbo mwenye makuu kama ya mtu wa ikulu. Wanawake hawa wawili miaka ya mwanzo hawakupikika chungu kimoja, lakini tangu msiba walikuwa wanakula sahani moja. Sasa mama alikuwa ameanza kupotea kidogo. Alitia chumvi kwenye chai, akampokea muuza maziwa kwa jina la kaka yake aliyefariki zamani. Wifi, dada wa marehemu, akakata shauri kwamba Jumapili anakuja kumchukua mama akaishi naye.

"Wifi, usinielewe vibaya," alisema kwenye simu. "Mama akizidiwa, utamfikishaje hospitali? Gari lenyewe limekufa."

"Halijafa. Linaumwa tu."

"Basi likipona, tutaongea."

Mjane alikata simu akakaa kitako. Alijua mama akiondoka, atabaki yeye na alama za dole gumba ukutani, na hilo hakuliweza kabisa.

Gari lilikuwa la gia za otomatiki, na siku hizo ukiliweka gia linawaza kwanza, halafu linaruka kwa hasira. Fundi wa jirani aliinusa oili ya giaboksi, akakunja pua. Imeungua, alisema, ibadilishwe pamoja na chujio lake, huenda likapona. Akajitolea kuja kuifanya kazi hiyo mwenyewe.

"Asante, shemeji. Nitaifanya mimi."

"Wewe?"

"Mimi. Nimemshikia tochi mume wangu miaka yote hiyo. Chini ya gari nimeona kila kitu isipokuwa uso wake."

Fundi alicheka, lakini akamwachia onyo. Sampo, lile bakuli la bati linaloifunika giaboksi kwa chini, lisichokonolewe kwa bisibisi. Uso wa giaboksi ukikwaruzika, oili itavuja maisha yote. Hakumuuliza kwa nini hataki msaada, na vizuri hakuuliza, maana angejibiwa kwamba kilichofungwa na Silikoni hakifunguliwi na mkono wa mtu baki.

Jumamosi baada ya chakula cha mchana akavaa ovaroli ya marehemu na buti zake, akaliinua gari kwa jeki, akalikalisha juu ya stendi za chuma, akaweka magogo nyuma ya matairi, akaingia chini chali. Boliti zilitoka bila ubishi. Mbili za upande mmoja aliziacha zimelegea tu, sampo isije ikamwangukia usoni na oili yake. Akasogeza beseni, akavuta. Wapi! Akagonga kwa nyundo aliyoivika kitambaa. Wapi! Akamulika kwa tochi, na hapo akaiona: silikoni imefura ukingo mzima. Palikuwa na gasketi nzima, ule utepe wa mpira wa kuzibia ukingo, isiyohitaji gundi hata tone, na bwana yule kapaka juu yake, kapaka chini yake, kisha kabonyeza kuzunguka kote.

"Hivi wewe mwanamume," akasema kwa sauti, "nani alikutuma?"

Alikuwa na hakika, kwa namna ambayo asingethubutu kumwambia mtu, kwamba kuna mkono upande wa pili unashikilia. Akivuta, unavuta. Akipumzika, unapumzika. Alitamani kutoka akimbilie jua, na alitamani zaidi kubaki. Akachukua kisu chembamba anachokatia karatasi za vipimo, akaanza kuikata gundi taratibu, anavyofumua mshono wa nguo ya mteja mkorofi.

Ndipo akasikia kigoda kikiburutwa. Ndala za mama mkwe zikaja zikasimama karibu na tairi, na bibi akaketi kwa kuguna.

"Umekuja, baba," alisema.

Mjane akaacha kukata. Alijua kinachoonekana kutoka pale: ovaroli, buti, miguu miwili ya fundi kazini. Alifungua mdomo aseme, ni mimi, mama. Lakini sauti ya bibi ilikuwa na furaha ambayo haikuwa imesikika ndani ya ua ule tangu msiba, na kumnyang'anya ilikuwa sawa na kumzikia mtoto wake mara ya pili. Akayameza maneno. Akakohoa kiume.

"Najua una kazi, usiache. Wewe gonga tu, mimi nitaongea."

Akagonga.

"Dada yako anakuja kesho kunichukua. Sikumbishia, yule tangu mtoto hasikii. Nakwambia wewe: siendi. Gari lipone lisipone, siendi." Bibi akavuta pumzi. "Nikienda, mkeo atabaki na nani? Tangu ulipokufa anajifanya chuma mbele za watu. Akishafunga mlango analia na shuka mdomoni. Anadhani mimi kiziwi."

Tangu ulipokufa. Mjane alilala pale pale, kisha akakirudisha kisu kwenye gundi. Kumbe mama hakuwa amepotea. Alijua mtoto wake amekufa, na alikuwa amekuja kuketi naye hivyo hivyo.

"Nilimsema vibaya alipoingia kwetu," bibi aliendelea. "Mfikishie na hilo. Mimi mwenyewe siwezi, naona haya. Mwambie yeye ndiye mwanangu sasa. Umesikia?"

Kisu kilikuwa kimefika kona ya mwisho. Gundi ikaachia kwa mlio mdogo, sampo ikashuka upande mmoja ikaning'inia kwenye boliti zake mbili, na oili nyeusi ikamiminika ndani ya beseni. Machozi ya mjane yalikuwa yanaingia masikioni, na mikono yake haikuwa na mahali safi pa kuyafutia. Kazi ya chini ilikuwa karibu kwisha. Kilichobaki ni kuzitoa zile boliti mbili, kisha atoke akaioshe sampo na kulitafuta chujio jipya alikoliweka. Kutoka tu, ajulikane ni nani.

"Umesikia, baba?"

"Nimesikia, mama. Nitamfikishia." Aliitoa sauti hiyo kutoka kifuani, na ilipotoka ikamtisha, kwa sababu hakuwa ameilazimisha kuwa nzito.

"Haya, mwanangu." Kigoda kililia, bibi akiinama ili achungulie. "Umemaliza? Toka basi nikuone."

Mjane aliishika sampo kwa mikono miwili, akaisukuma juu mpaka ikakaa mahali pake, akaishikilia hapo kwa nguvu zake zote.

"Bado, mama," alisema. "Imeng'ang'ania."